Rula ya pembetatu (ushonaji)

Rula ya pembetatu ni kifaa cha kupimia na kukatia vitambaa kwa umbo la pembetatu. Hutengenezwa kwa akriliki, yaani plastiki ngumu inayopenya mwanga, ili mshonaji aone kitambaa kilicho chini yake. Hutumiwa hasa na washonaji wa kwilti, yaani mfarishi wenye sehemu ya juu ya viraka, pamba katikati na kitambaa cha nyuma. Faida yake kubwa ni kwamba nafasi ya mshono imekwisha kuhesabiwa katika alama zake.

Historia

Kwilti za viraka zilienea sana nchini Marekani katika karne ya 19. Sehemu yake ya juu mara nyingi hugawanywa katika bloku, yaani miraba inayorudia mchoro uleule. Bloku nyingi maarufu zina pembetatu, kama vile Nyota ya Ohio na Bukini Warukao.

Kwa muda mrefu washonaji walitumia kielelezo cha karatasi ngumu au bati. Walichora mstari kukizunguka, kisha wakakata kwa mkasi. Kielelezo cha karatasi huliwa kingo kadiri kinavyotumika, hivyo vipande vya mwisho hutofautiana na vya kwanza.

Mwaka 1979 kampuni ya OLFA ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu, ambacho ni wembe wa mviringo unaozunguka kwenye mpini. Kisu hicho hukata tabaka kadhaa kwa pamoja, lakini kinahitaji rula nene ya kukiongoza na mkeka maalumu wa kukatia. Ndipo rula za akriliki zilipoenea, zikiwemo zile za pembetatu.

Hesabu ya nafasi ya mshono

Kwa desturi ya Marekani, mshono wa kwilti hupita robo inchi kutoka ukingoni. Kwa mraba hesabu ni rahisi: robo inchi kila upande, jumla nusu inchi. Mraba utakaobaki na inchi 3 baada ya kushonwa hukatwa inchi 3½.

Kwa pembetatu nusu inchi haitoshi. Upande wa mshazari nao unahitaji robo inchi yake, na nafasi hiyo husogeza ncha kali mbali zaidi. Kwa pembetatu yenye pembe mraba na pande mbili zilizo sawa, Kanuni ya Pythagoras huonyesha kwamba kila upande mfupi huongezeka kwa 0.25 × (2 + √2), yaani takriban inchi 0.854. Upande mrefu huongezeka kwa takriban inchi 1.207. Washonaji hukadiria hivi:

- Nusu ya mraba: mraba hukatwa mara moja kwa ulalo na kutoa pembetatu 2. Huongezwa inchi 7/8.
- Robo ya mraba: mraba hukatwa kwa ulalo zote mbili na kutoa pembetatu 4. Huongezwa inchi 1¼.

Anayetumia mshono wa sentimita 0.75 huongeza takriban sentimita 2.56 na 3.62.

Rula nyingi za pembetatu zina ncha iliyokatwa, kwa sababu ncha hiyo ingebaki nje ya mshono bila kazi. Kwa hiyo ukanda wa kitambaa huongezwa nusu inchi tu, sawa na mraba. Mfano ni bloku ya Nyota ya Urafiki ya inchi 9, yenye miraba 9 ya inchi 3: mitano mizima na minne ya pembetatu mbilimbili. Bila rula hii, vipande vya pembetatu hukatwa kutoka miraba ya inchi 3⅞. Kwa rula hii, vipande vyote hutoka kwenye kanda za inchi 3½.

Aina

- Rula ya nusu ya mraba huweka pande mbili fupi sambamba na nyuzi za kitambaa.
- Rula ya robo ya mraba huweka upande mrefu sambamba na nyuzi.
- Rula ya nyuzi 60 hukata pembetatu zenye pande tatu sawa.

Aina mbili za kwanza hutoa umbo moja, lakini haziwezi kubadilishana ovyo. Kitambaa kilichokatwa hanamu, yaani mshazari kwa nyuzi zake, huvutika kwa urahisi. Kwa hiyo huchaguliwa rula itakayoweka ukingo ulionyooka na nyuzi upande wa nje wa bloku. Ukingo wa hanamu ukikaa nje, bloku hupinda na kwilti haitulii.

Matumizi

Kanda mbili za rangi tofauti hupigwa pasi na kulazwa zikiangaliana upande mzuri. Kwa rula ya nusu ya mraba, alama inayolingana na upana wa ukanda huwekwa ukingoni, kisha mshazari hukatwa. Rula hugeuzwa, hulinganishwa na mshazari huo, na mkato wa pili hufanywa wima. Kila jozi huwa tayari kushonwa.

Usahihi ni muhimu kwa sababu makosa hujumlishana. Kosa la 1/16 ya inchi katika kila kipande huwa nusu inchi katika safu ya vipande 8, na ncha za nyota hupotea ndani ya mshono.

Kisu cha gurudumu ni kikali sana. Vidole huwekwa mbali na ukingo wa rula, kisu husukumwa kuelekea mbali na mwili, na wembe hufunikwa kila baada ya mkato.

Kwilti zisizotumia rula

Si kila kwilti hutegemea vipimo. Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Afrika, hushona kwilti zinazoitwa kawandi kwa mkono, wakianzia kingoni na kuelekea katikati. Pia wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wanajulikana kwa kwilti zilizopangwa kwa kukadiria kwa macho.

Tazama pia

- Pembetatu
- Ushonaji
- Kitambaa