Jumapili Iliyokuwa Jumatatu

Kutoka mji mdogo wa Airlie Beach, kaskazini-mashariki mwa Australia, mashua za matanga huondoka zikiwa na vijana wengi wasiojuana. Watalala majini usiku mmoja au miwili, watazamia kwenye matumbawe, watakanyaga mchanga mweupe wa Whitehaven, kisha watarudi na picha. Visiwa wanavyovizunguka ni 74, na vinaitwa Whitsunday, yaani Jumapili ya Pentekoste.

Jina hilo lilitoka kwa James Cook. Meli yake, Endeavour, ilipita kati ya visiwa hivyo tarehe 3 Juni 1770, na kwa kalenda yake siku ile ilikuwa Pentekoste. Lakini Cook alikuwa amevuka Pasifiki akielekea magharibi bila kuruka siku moja kama tunavyofanya leo. Kwa hesabu yetu, ilikuwa Jumatatu. Ramani imeihifadhi Jumapili yake mpaka sasa.

Katika shajara ya Cook kuna jambo jingine, nalo halikupewa nafasi kwenye ramani. Kwenye ufukwe wa kisiwa kimoja aliona watu wawili na mtumbwi wenye mrengu. Aliandika kwamba ulionekana mkubwa zaidi, na umeundwa tofauti na mitumbwi mingine aliyoiona katika pwani ile. Msomaji wa Pemba au Mafia hahitaji kuchorewa: mrengu ndio unaoizuia ngalawa isipinduke. Chombo cha namna hiyo hakiundwi kwa ajili ya kuvuka kijito.

Visiwa hivyo ni vya watu wa Ngaro. Katika pango la Nara Inlet, kisiwani Hook, kuna michoro yao ukutani, na wanaakiolojia wamechimbua humo mabaki ya maisha ya miaka ipatayo 9,000. Wakati huo bahari ilikuwa chini zaidi ya leo. Maji yalipopanda, vilima viligeuka visiwa, na Wangaro wakawa mabaharia. Waliwinda kasa na nguva. Walichonga zana kutokana na mawe ya kisiwa cha South Molle, na mawe hayo yakasafiri kwa mitumbwi hadi visiwa vingine.

Cook naye alikuwa baharia hodari, lakini mgeni. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 11 Juni, Endeavour ilikwama juu ya mwamba wa matumbawe kaskazini zaidi. Ili kuinasua, mabaharia walitupa baharini vitu vizito, pamoja na mizinga 6.

Katika karne ya 19 walowezi walifika kukaa. Mji wa Bowen ulianzishwa jirani mwaka 1861, na polisi wa kikoloni wa Queensland waliwaua na kuwafukuza wenyeji wengi. Bahari iliyokuwa njia ya Wangaro ikawa mandhari ya watu wengine.

Leo mashua nyingi za watalii hutia nanga Nara Inlet, kwa kuwa maji yake yametulia. Wageni wanaweza kushuka na kupanda njia fupi hadi pangoni. Wazao wa Wangaro wapo, na bado wanaisimulia bahari hiyo kama kwao. Anayelala pale usiku mmoja ana haki ya kufurahia nyota. Ila asidhani kwamba safari za visiwa hivyo zilianza siku ile ambayo mpita njia aliiita Jumapili.