Radiamu ya Miambani: Je, ni Uchafuzi?

Mfasiri akutanapo na habari za radiamu katika maji ya kunywa, neno limjialo upesi ni "uchafuzi". Sisi twaona neno hilo lapaswa kupimwa kwanza, kwa kuwa uchafuzi hudai mchafuzi. Historia ya mji wa Waukesha, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, yatosha kuwa mfano.

Katika karne ya 19 mji huo ulisifika kwa chemchemi zilizosemwa kuwa huponya maradhi. Baadaye ulichimba visima virefu hadi kwenye miamba ya mchanga, ambako radiamu huingia majini yenyewe, pasipo kiwanda wala mkono wa mtu. Mwaka 1976 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha pikokyuri 5 kwa lita, kwa radiamu-226 na radiamu-228 pamoja. Kikomo hicho kilipothibitishwa mwaka 2000, Waukesha ilikwenda mahakamani. Mwaka 2003 ikashindwa. Mwaka 2023 ndipo ilipoanza kutumia maji ya Ziwa Michigan.

Sheria, basi, haikuuliza nani katia radiamu, bali mnywaji apata kiasi gani. Radiamu hukaa mifupani kama kalsiamu, na huweza kuleta saratani, iwe imetoka mwambani au kiwandani.

Kwa hiyo twapendekeza "radiamu itokayo miambani", wala si "radiamu asilia". Maana wasomaji wengi husikia "asilia" wakaelewa "salama". Na mahali pa "uchafuzi", mfasiri aandike "kuzidi kwa kikomo".