Neno lililopigwa marufuku

Juzi nilibishana na rafiki yangu kuhusu watabiri wa hali ya hewa. Yeye anasema ile ndiyo kazi rahisi kuliko zote: ukipatia unalipwa, ukikosea unalipwa. Nikamsimulia habari ya Kapteni Robert Miller, na leo nawasimulia na nyie.

Kwanza tuelewane. Tonado si kimbunga kama Hidaya, kile kilichofika pwani yetu Mei 2024. Kimbunga cha baharini hutanda mamia ya kilomita na huonekana siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado ni upepo unaozunguka kama pia, unashuka kutoka kwenye wingu la radi mpaka ardhini. Unaweza kufagia mtaa mmoja na kuuacha wa jirani na nguo zake kwenye kamba. Utamtabiri vipi mdudu kama huyo?

Askari mmoja wa Marekani, John Finley, alijaribu mwaka 1884. Akatangaza kwamba alipatia kwa zaidi ya asilimia 96. Mtaalamu wa miamba, G. K. Gilbert, akapiga hesabu upya: kama Finley angesema tu "hakuna tonado" kila mara, angepatia kwa asilimia 98! Kati ya mara 100 alizosema itatokea, ilitokea mara 28. (Kwa mtu asiye na rada, mimi naona si haba.)

Wakubwa hawakuona hivyo. Kabla miaka ya 1880 haijaisha neno "tonado" likapigwa marufuku kwenye utabiri wa serikali. Sababu? Eti wananchi wataingiwa na hofu, na hofu hiyo italeta madhara kuliko tonado yenyewe.

Basi tarehe 18 Machi 1925 watu wa Missouri, Illinois na Indiana waliamkia utabiri wa mvua na upepo. Tonado ikatembea kwa saa tatu na nusu, zaidi ya kilomita 350. Watu 695 wakafa. Katika mji wa Murphysboro peke yake walikufa 234. Hata baada ya hapo marufuku ilibaki. Mwaka 1938 ndipo ikalegezwa kidogo.

Sasa Miller. Usiku wa tarehe 20 Machi 1948 alikuwa zamu katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma. Utabiri wao ulisema kutakuwa na upepo, radi hakuna. Baada ya saa nne usiku tonado ikapita katikati ya kambi na kuvunja ndege za mamilioni ya dola. Kesho yake majenerali wakaja kuchunguza, wakasema ni kazi ya Mungu, hakuna ambaye angeweza kujua.

Jenerali Fred Borum, mkuu wa kambi, hakuridhika. Akamwagiza Miller na bosi wake, Meja Ernest Fawbush, wachimbe ramani za zamani. Siku tano tu baadaye, tarehe 25, ramani ya asubuhi ikafanana mno na ile ya tarehe 20. Borum akawauliza: mnatabiri tonado? Hebu jiweke kwenye viatu vyao. Tonado mbili mahali pamoja ndani ya siku tano, nani atakuamini? Ukikosea, utachekwa mpaka ustaafu.

Wakaandika. Ndege zikaingizwa kwenye mabanda, watu wakatolewa sehemu za hatari. Jioni ikaingia, kimya. Miller akaenda nyumbani kichwa chini, akiwaza kazi nyingine ya kufanya. Akiwa huko, redio ikatangaza: tonado imepiga Tinker! Alidhani ni habari ya wiki iliyopita inarudiwa. Hapana. Ilikuja saa kumi na mbili jioni, karibu kabisa na muda walioutaja. Hasara safari hii ilikuwa dola milioni 6. Ile ya kwanza ilizidi milioni 10.

Sasa wananchi wakaanza kuuliza: kwa nini jeshi lionywe na sisi tusionywe? Julai 1950 mkuu wa Ofisi ya Hali ya Hewa, Francis Reichelderfer, akaandika barua kuwaambia watabiri wake kwamba hawajakatazwa kulitaja lile neno. Machi 1952 ofisi hiyo ikaanza kutoa utabiri wa tonado kwa umma. Finley hakuuona. Alifariki mwaka 1943.