Kutoka Matembezi hadi Tamasha: Wasafiri wa Kwetu katika Miji Mikuu ya Ulaya, 1875–1960

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka Fizi au Baraka, akibahatika kufika Ulaya kwa masomo au kwa mkutano, aghalabu hutenga siku mbili tatu za kuuona mji mkuu alikofikia. Hutembea katika uwanja wa kale, huingia kanisani na makumbushoni, hupiga picha, kisha hurejea kazini. Jambo hili huonekana kuwa jepesi, tena la watu wa leo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kuutazama mji mkuu wa Ulaya ni jambo lenye historia ya zaidi ya karne moja miongoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki na Kongo, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa kwa Kiswahili. Asiyeifahamu anaweza kupita kando ya makaburi ya ndugu zake akidhani yuko katika bustani tu.

Swali letu ni hili: katika safari hizo, nani alikuwa mwenye kutazama, na nani alikuwa mwenye kutazamwa?

2. Maneno matatu

Tuanze na lugha yenyewe, kwani maneno huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Neno la kwanza ni kutembea. Katika Kiswahili neno hili si kwenda kwa miguu tu, bali pia ni kwenda kuamkia watu. Mgeni anayefika kwa jamaa zake akiulizwa sababu ya safari hujibu kwamba amekuja kutembea, naye hueleweka. Kwa hiyo matembezi yana mwenyeji. Hayakamiliki bila mtu wa kupokea salamu.

Neno la pili ni kutalii. Kwa asili yake ya Kiarabu, na katika matumizi ya Kiswahili cha zamani, kutalii ni kusoma na kuchunguza kwa makini. Maana ya kuzuru nchi kwa kujifurahisha ni mpya kwa kulinganisha. Mtalii wa kwanza, basi, alikuwa msomaji.

Neno la tatu ni tamasha, lililotujia kutoka Kiajemi. Huko lilihusu kutembea kwa ajili ya kuona mambo. Asili yake ya mbali zaidi ni neno la Kiarabu la kutembea pamoja. Lakini kwetu tamasha si matembezi tena, ni kile kinachotazamwa. Yaani neno lililoanza kwa mtembezi limeishia kwa kitazamwa. Tutaona kwamba mabadiliko hayo ya maana yanafanana na yaliyowapata watu wenyewe.

3. Sultani mjini London, 1875

Mwezi wa Juni 1875 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, aliwasili London. Miaka miwili kabla, tarehe 5 Juni 1873, alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa baada ya kutishiwa kwa manowari za Uingereza. Alipofika alipokewa kwa heshima za mfalme: alionana na Malkia Victoria huko Windsor, akaonyeshwa Crystal Palace na miji ya viwanda, kisha akavuka hadi Paris. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na mwandishi wake, Zahir bin Said, na kitabu kikachapwa London mwaka 1878.

Ni dhahiri kwamba wenyeji walikuwa na shabaha: mgeni aone nguvu za Uingereza, arudi akiwa mtiifu. Hata hivyo, Barghash naye alisoma alichokiona. Jumba la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883, na mabomba yaliyoleta maji ya chemchemi mjini Unguja, ni kazi za mtawala aliyetazama miji ya wengine, Bombay alikohamishwa ujanani na London vilevile, akachagua la kuchukua.

Aidha, katika mji uleule na mwaka uleule alikuwapo dada yake, Seyyida Salme, aliyekuwa akiitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani. Alikwenda London akitumaini kupatana na nduguye. Sir Bartle Frere alimshawishi asimwone, kwa ahadi kuhusu malezi ya watoto wake. Mambo haya aliyasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Kwa kaka, London ilikuwa ziara ya kifalme. Kwa dada, ilikuwa mlango uliofungwa. Mji ni mmoja, lakini hauwafungukii wote sawasawa.

4. Berlin na Petersburg

Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, nacho kilihitaji wasemaji wa Kiswahili. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, aliyefundisha huko miaka ya mwanzo ya 1890. Maandishi yake kuhusu maisha na safari yake yalitokea katika mkusanyiko wa Büttner uliochapwa mwaka 1894. Mwingine ni Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896 hadi Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi, na kuendelea hadi Siberia. Habari yake ilichapwa na Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli.

Maandishi haya yana kasoro ya kuzaliwa: wakusanyaji ni Wajerumani, na wasomaji waliokusudiwa kwanza ni wanafunzi wa Kijerumani, wengi wao wakitarajiwa kuja kututawala. Pamoja na hayo, mwenye kusimulia ni Mswahili, na kila nafsi ya kwanza katika sentensi zake ni ya Mswahili. Ulaya imekuwa yambwa, naye amekuwa kiima. Kwa mwanaisimu hili si jambo dogo.

5. Tervuren, 1897

Mwaka mmoja tu baada ya safari ya Salim, Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walisafirishwa hadi Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya Brussels. Mfalme Leopold II aliagiza sehemu ya Kongo iwekwe katika bustani ya Tervuren, nje kidogo ya mji. Wakongo hao walikaa mchana katika vijiji vya kuigiza kando ya maji, na wageni zaidi ya milioni moja walipita kuwatazama. Saba kati yao walifariki. Majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana Mwinjili, Tervuren.

Hapa matembezi yamekwisha kuwa tamasha. Hawa hawakutuachia kitabu. Hakuna aliyewaomba waandike. Mwaka huohuo wa 1897, mwezi wa Februari, askari wa msafara wa Dhanis waliasi huko Ndirfi, na mapigano yaliyofuata yaliteremka upande wa kusini hadi nchi za karibu na Ziwa Tanganyika. Wakati watu wa Brussels walipokuwa wakitazama Kongo tulivu ya bustanini, Kongo yenyewe ilikuwa vitani.

6. Brussels, 1960

Kwa muda mrefu wa enzi ya ukoloni, safari ya Mkongo kwenda Ubelgiji ilikuwa ya ruhusa maalumu. Patrice Lumumba alikwenda mwaka 1956 katika ziara ya mafunzo, yaani kuonyeshwa. Aliporudi Brussels mwishoni mwa Januari 1960 alikuwa ametolewa gerezani muda mfupi tu kabla, ili ahudhurie Mkutano wa Meza ya Duara. Mkutano huo, uliofanyika tangu 20 Januari hadi 20 Februari, ulikubali uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Wajumbe hawakwenda kuutazama mji, wala kutazamwa, bali kusema. Kwa hao, mji mkuu wa mkoloni uligeuka kuwa baraza.

7. Hitimisho

Tumeona nafasi nne za mgeni: aliyealikwa, aliyeajiriwa, aliyeonyeshwa na aliyedai haki. Mtalii wa leo kutoka kwetu anarithi zote nne, apende asipende. Anapotoka katika uwanja wa Grand-Place na kupita chini ya tao la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905 katika enzi ya Leopold, tramu namba 44 inaweza kumfikisha Tervuren. Katika makumbusho yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 atakuta ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Mchongaji Freddy Tsimba ameandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji katika kioo cha dirisha linaloelekea ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huangukia juu ya yale mengine.

Ghuba iliyo mbele ya Baraka imeandikwa katika ramani kwa jina la Burton, mgeni aliyepita ziwani mwaka 1858 akaandika alichokiona. Kuandika ndiko kulikompa jina hilo. Hivyo basi, tunawahimiza wanafunzi wanaosafiri wasirudi na picha pekee. Waandike safari zao kwa Kiswahili, wakitaja majina, tarehe na mahali, na idara za lugha zihifadhi maandishi hayo kama data za isimu na za historia pia. Hapo kutalii kutarejea katika maana yake ya kwanza, nayo ni kusoma.