Kutoka Mwali wa Kijani hadi Kigunduzi: Historia Fupi ya Kutafuta Gesi Inayovuja

Jina la chombo aghalabu huhifadhi historia ya kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya chombo kimoja kidogo, cha kubebwa mkononi, ambacho mafundi wa majokofu hukitumia kutafuta mahali gesi inapovuja. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, chombo hiki kimebadilika mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja hivi, na kila kilipobadilika, maneno ya kukitaja yalibaki nyuma. Pili, ziko kauli za kila siku ambazo, tukizitia katika vitabu vya mafunzo bila kuzipima, zitampoteza mwanafunzi na pengine kumdhuru.

Tuanze na kauli moja. Mwenye friji isiyopoza humwambia fundi kwamba "gesi imeisha". Kauli hii yafaa kwa mtungi wa kupikia, ambamo gesi huwaka ikaisha. Lakini gesi ya jokofu la kawaida la umeme haichomwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: hugandamizwa na kompresa, hugeuka kimiminiko katika mabomba ya nyuma, kisha hugeuka tena mvuke ndani ya jokofu huku ikivuta joto la vyakula. Ikiwa imepungua, imetoka. Na ikiwa imetoka, pana upenyo. Anayesema "imeisha" humwelekeza fundi kwenye kujaza. Anayesema "imevuja" humwelekeza kwenye kutafuta.

Hapo kale kazi ya kutafuta ilifanywa na pua. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mitambo ya baridi ilitumia amonia, dioksidi ya sulfuri na kloridi ya methili. Amonia na dioksidi ya sulfuri zina harufu kali, hata aliyekuwa chumbani hakuhitaji kuambiwa atoke. Ili kupata mahali hasa, fundi aliwasha kijiti cha sulfuri akakipitisha kwenye maungio ya mabomba. Penye amonia pakazuka moshi mweupe. Kwa mtambo wa dioksidi ya sulfuri alifanya kinyume: alipitisha kitambaa kilicholoweshwa maji ya amonia, na moshi mweupe ukazuka vilevile. Gesi ya mtambo mmoja ilikuwa kigunduzi cha mtambo wa pili.

Kloridi ya methili ilikuwa na hatari yake. Harufu yake ni hafifu, haimwamshi aliyelala. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilisababisha vifo majumbani katika mji wa Chicago, Marekani. Huko Ujerumani nako, ajali za namna hiyo ziliwafanya Albert Einstein na Leo Szilard wabuni jokofu lisilo na sehemu za kuzunguka, ambazo ndizo zilizoleta mivujo. Walipata hataza ya Marekani mwaka 1930.

Mwaka huohuo Thomas Midgley alionyesha hadharani gesi ambayo yeye na wenzake waliitengeneza mwaka 1928: aliivuta pumzi, kisha akaitoa na kuuzima mshumaa kwayo. Gesi hiyo, ya jamii ya klorofluorokaboni, haikuwaka, na kwa kiasi cha kawaida haikuwa na sumu. Iliuzwa kwa jina la Freon. Lakini pamoja na usalama huo pua ilipoteza kazi yake, kwa kuwa gesi ilitoka na mtu asijue.

Msaada ulitoka katika jambo lililokwisha kujulikana. Mwaka 1872 mkemia Friedrich Beilstein alieleza kwamba shaba ikichomwa pamoja na kitu chenye klorini, mwali wa moto hugeuka kijani. Mafundi wakapata taa ya halidi, yaani taa ndogo ya moto yenye kipande cha shaba, na mpira wa kuvuta hewa kutoka kwenye maungio. Mwali ukigeuka kijani, mvujo umepatikana. Taa hii ilikuwa rahisi, lakini gesi inayopita motoni huweza kutoa fosjini, ambayo ni sumu kali. Kwa hiyo ilitakiwa itumiwe penye hewa ya kutosha. Kuanzia katikati ya karne ya 20 vilienea vigunduzi vya elektroniki, ambavyo huhisi gesi kwa cheche ndogo ya umeme au kwa kipande kilichopashwa moto, kisha hulia. Baadaye vikaja vinavyotumia miale ya infraredi.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorini ya gesi hizi huharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Gesi zisizo na klorini, kama R-134a, zikashika nafasi. Hizi nazo zilionekana kuipasha dunia joto, kwani kilo moja ya R-134a hufanya hivyo zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya dioksidi ya kaboni katika miaka 100. Ndipo mwaka 2016, huko Kigali, nchi zikakubaliana kuzipunguza, na makubaliano hayo yakaanza kutumika mwaka 2019. Majokofu mengi ya nyumbani sasa hutumia isobutani, ambayo huwaka.

Hapa ndipo msamiati unapogusa maisha ya watu. Kitabu kinachosema tu kwamba "gesi ya friji hugunduliwa kwa taa" kilikuwa sahihi zamani. Leo mwanafunzi akiipitisha taa hiyo penye R-134a, mwali hautageuka kijani, naye atadhani mabomba ni mazima. Akiipitisha penye isobutani, atawasha moto chumbani. Vigunduzi vingi vya zamani vya elektroniki navyo vilitengenezwa kwa ajili ya klorini. Kwa hiyo mfasiri hana budi kutaja ni kigunduzi cha gesi ipi, wala asiridhike na neno "gesi" peke yake.

Maelekezo ya matumizi nayo yataka vitenzi vilivyo wazi. Chombo huwashwa penye hewa safi, kikaachwa kipate moto wake na kutulia. Feni huzimwa. Ncha hupitishwa polepole, karibu sana na bomba bila kuligusa, na chini ya maungio, kwa kuwa gesi nyingi za majokofu ni nzito kuliko hewa. Amonia ni nyepesi, nayo hutafutwa juu. Chombo kikilia, ncha huondolewa na kurudishwa ili kuhakikisha, kisha povu la sabuni hupakwa kuonyesha mahali hasa. Ncha isiguse mafuta wala maji, kichujio hubadilishwa kikichafuka, betri hukaguliwa, na kabla ya kazi chombo hujaribiwa kwa mvujo wa kipimo unaojulikana. Kigunduzi kilichokufa hunyamaza sawasawa na kilicho kizima mahali pasipovuja.

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo manne. Neno "kipozeo" litumike kwa kile kinachozunguka mabombani, maana huwa gesi na huwa kimiminiko. "Freoni" libaki jina la biashara, lisiwe jina la kila kipozeo. "Uvujaji" liwe tendo, na "mvujo" liwe mahali au tukio lenyewe. "Kigunduzi" litofautishwe na "kipimio": cha kwanza husema wapi, cha pili husema kiasi gani. Hivyo tutapata "kigunduzi cha mvujo wa kipozeo", jina refu kidogo lakini lisilodanganya.

Hatuna haja ya kumkataza mtu kusema gesi imeisha. Lugha ya mtaani ina haki yake. Lakini mwalimu anayemfundisha kijana ufundi, na mtumishi anayeandika kanuni za karakana, wana wajibu wa kuandika "imevuja". Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa usiotajwa kwa jina lake hautafutwi.