Majaji kwa Euro

Mwaka 1993 viongozi wa Ulaya walikutana Copenhagen na kuziwekea sharti nchi zilizokuwa zikibisha hodi baada ya ukomunisti kuanguka: bila demokrasia na utawala wa sheria, hakuna kuingia Umoja wa Ulaya. Sawa. Lakini mgeni akishaingia na kuketi, sharti la mlangoni linamshika kwa lipi?

Mkataba wa Amsterdam wa 1997 ulijibu kwa adhabu ya kumnyima mkosaji haki ya kupiga kura, ila wenzake wote lazima wakubali. Kasoro hiyo ilionekana baadaye. Viktor Orbán aliporudi madarakani Hungaria mwaka 2010, serikali yake ilishusha umri wa majaji kustaafu kutoka miaka 70 hadi 62, na mamia wakatakiwa kuondoka. Poland ikaanza kuzibana mahakama zake baada ya 2015. Hatua za adhabu zilianzishwa dhidi ya Poland mwaka 2017 na Hungaria 2018, zikakwama, maana nchi hizo mbili zilikingiana kifua.

Ndipo ikatafutwa njia ya mfukoni. Kanuni ya Desemba 2020 iliruhusu fedha za Umoja kuzuiwa pale uvunjaji wa utawala wa sheria unapozihatarisha, na nchi 15 zenye asilimia 65 ya watu zinatosha kuamua. Kura moja ya kumlinda rafiki haikufua dafu tena. Hungaria na Poland zilizuia bajeti ya euro trilioni 1.8 ili kuiua kanuni hiyo. Zikaishia kupata ahadi kwamba haitatumika kabla ya mahakama ya Umoja iliyoko Luxembourg kutoa neno. Februari 2022 mahakama iliipitisha, na Desemba hiyo Hungaria ikazuiliwa euro bilioni 6.3, hasa kwa sababu ya zabuni za umma na rushwa.

Lakini ufunguo wa hazina umebaki mikononi mwa wanasiasa. Tarehe 13 Desemba 2023 Kamisheni ya Ulaya iliifungulia Hungaria bilioni 10.2 kutoka fungu jingine, ikisema mageuzi ya mahakama yametimizwa. Kesho yake Orbán alitoka nje ya chumba cha mkutano badala ya kupiga kura ya kupinga, na wenzake wakakubali kuanza mazungumzo ya kuiingiza Ukraine. Sadfa hiyo ni ngumu kumeza. Bunge la Ulaya lilikwenda mahakamani kuupinga uamuzi wa kuzifungulia fedha hizo. Poland nayo ilifunguliwa njia ya hadi bilioni 137 mapema 2024, baada ya wapiga kura kuing'oa serikali, ingawa sheria nyingi zilizolalamikiwa zilikuwa hazijafutwa.

Hata hivyo sharti linauma. Mwisho wa 2024 muda wa kuzitumia baadhi ya fedha zilizozuiliwa uliisha, na Hungaria ikapoteza moja kwa moja zaidi ya euro bilioni 1.