Watoto Watano wa Mwaka 1864

Mgeni akifika Mkunazini, Unguja, huonyeshwa kanisa kubwa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Nimewapeleka huko wanafunzi wangu wa ualimu mara kadhaa, na kila mara niliwauliza: wale waliofunguliwa minyororo, kesho yake walikwenda wapi?

Maana mtumwa aliyeachwa huru zamani zile hakuwa na kwao. Kijiji chake huenda kilikwisha kuchomwa moto, na ndugu zake wametawanyika. Katika mji ambao kila mtu alijulikana kwa ukoo wake au kwa bwana wake, yeye hakuwa na hiki wala kile.

Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alimpa watoto wanaume watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Kwa hiyo kanisa lile halikuanza na wakubwa wa mji. Lilianza na watoto wasio na jamaa. Baadaye wavulana walisoma Kiungani, na wasichana Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871, ambako watu wazima pia walipewa mahali pa kuishi na kulima.

Kumlisha yatima ni wema, wala siudharau. Lakini anayelishwa hubaki chini ya mkono wa anayemlisha. Ninachokiheshimu katika habari za Kiungani ni kwamba vijana wale walipewa chaki. Walipanga herufi katika mtambo wa kupiga chapa, wakafundisha wenzao. John Swedi, mmoja wa wale watano, akawa shemasi mwaka 1879. Huko Mbweni mambo hayakuwa sawa kwa wote: wasichana walioonekana wepesi wa kusoma walitayarishwa kuwa walimu, wengine wakapelekwa kwenye kazi za mikono. Sisi walimu tunaujua sana mtindo huo wa kuwachambua watoto kama mchele.

Halafu yuko Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto, akalelewa na misheni, akaoa mwalimu wa Mbweni. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, upande wa kusini, kwa Wayao wenzake, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Aliuongoza mtaa wake hadi mwaka 1897, Wazungu wakiwa mbali, na Ukristo ukashika mizizi. Mtoto aliyetolewa kwao kama bidhaa alirudi kama mchungaji.

Lakini waliofuata nyuma yake hawakuachiwa nafasi kama yake. Wazungu walipoongezeka, mapadri Waafrika waliwekwa tena chini ya usimamizi. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955, naye hakutoka katika misheni hii. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni miaka 65 tangu Majaliwa apewe upadri. Kuwahurumia wanyonge kulikuwa kwepesi kuliko kuwaamini.

Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi tuliletewa kijana aliyepona ukoma, vidole vya mkono wa kulia vimekatika. Wengine walipendekeza apewe chumba, chakula na kazi ndogo bustanini, na walisema hivyo kwa moyo mwema kabisa. Yeye alisema amekuja kusomea ualimu. Tukampangia mazoezi ya kufundisha katika darasa la tatu. Siku ya kwanza watoto waliutazama mkono wake tu. Akaishika chaki kwa mkono wa kushoto, akaandika tarehe ubaoni polepole, kisha akamwita mtoto wa mbele aje aisome.